Sikio la Kushoto la Chui

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje baada ya upasuaji? Mimi mzima, na shule imefungwa.

Mkuu wa makumbusho ameleta ngozi ya yule chui mzee aliyekufa, uitengeneze kwa maonyesho. Anasema ikiharibika kama ya pundamilia, chumba chako cha kazi atampa fundi mwingine. Sikukusubiri, maana joto halingoji mtu. Nimekwangua nyama na mafuta yote, nikageuza masikio na midomo, nikapaka chumvi kila mkunjo. Nilitumia ile ya kwenye pipa chini ya meza, nisifungue gunia jipya.

Mwanao

5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo una kiburi, lakini tunazoeana.

Umekwangua vizuri. Ila chumvi ya pipani, mama, ilitoka kwenye pundamilia. Imeshakunywa damu, imejaa vijidudu. Umemfunika mgonjwa shuka la maiti. Kosa ni langu pia, sikuimwaga. Ikung'ute yote, paka mpya, tandaza ngozi kivulini penye upepo. Kesho yake vuta manyoya taratibu, hasa masikioni; yakitoka, uozo umeanza. Usinifiche hata unyoya mmoja.

Shangazi yako

9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, na chumvi nimebadilisha papo hapo. Lakini leo sikio la kushoto linanuka. Nilipovuta, manyoya yalitoka pamoja na utando wa ngozi, kama ukubwa wa kucha ya dole gumba. Mkuu anakuja Alhamisi. Jirani yetu mshonaji anasema nibandike kwa gundi nikae kimya, eti chui hasemi. Nifanyeje?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wa muuguzi. Homa imenilaza, kalamu siishiki.

Futa sikio kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha loweka ngozi yote katika maji ya chumvi na shabu, ile inayokaza ngozi. Uozo utasimama hapo ulipofika. Gundi, hapana. Ile ya pundamilia niliibandika mimi, ikanyonyoka mbele ya wageni. Mwambie mkuu kabla hajaona mwenyewe.

Shangazi yako

24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Homa imeshuka? Hii ni barua ya pili tangu Alhamisi ile. Ya kwanza hujaijibu, basi narudia yote.

Ngozi niliiloweka kama ulivyosema, gundi sikugusa. Nilimwonyesha mkuu lile sikio hata kabla hajaketi. Akauliza ni kazi ya nani. Nikasema ni yangu. Akavuta manyoya ya shingo, ya tumbo, ya mkia. Hayakutoka. Akarudi kuligeuzageuza lile sikio, mimi nikihesabu matone ya bomba. Kisha akasema, "Shangazi yako angeniambia hivi ile mara ya kwanza, tusingefika hapa."

Ameniachia ufunguo. Anasema chumba ni chako, kitakungoja.

Dada muuguzi, kama ni wewe unayeifungua barua hii, tafadhali msomee polepole hapo penye ufunguo. Msomee hata kama amefumba macho.

Mwanao