Siku Tupu ya Kisima cha Kipsing

Isiolo,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Nakusalimu nikiwa mzima wa mwili, na ninatumaini karatasi hii itakukuta wewe na Baba mkiwa na nguvu. Goti la Baba linaendeleaje? Mvua imefika huko milimani, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Hapa Isiolo hakuna hata wingu la kutazama. Upepo unaanza asubuhi, na vumbi linaingia mpaka ndani ya sukari.

Mama, keti kwanza. Sehemu inayofuata usimsomee Baba mpaka uimalize mwenyewe. Nimepatwa na jambo wiki hii.

Unajua ofisi yetu inasimamia visima vya injini. Wakati wa kiangazi kila kundi la wafugaji hupewa zamu yake ya kunywesha, na zamu hizo hupangwa na ile kompyuta niliyokueleza. Karani aliyenitangulia, Bi Halima, alinifundisha kuiendesha kwa amri. Kioo ni cheusi, hakikuambii lolote. Unaandika mstari mmoja mrefu wa herufi na alama, halafu unabonyeza. Ukikosea nukta, inakukatalia. Ukikosea vibaya zaidi, haikukatalii. Niliuogopa mstari ule kuliko nilivyouogopa mtihani wa Kidato cha Sita.

Mwezi uliopita akaja kijana kutoka Nairobi, Otieno, fundi wa mashine hizi. Aliponiona nikiandika amri huku nikifuata karatasi ya Bi Halima kwa kidole, akacheka. "Karani, unaomba dua ama unafanya kazi?" Basi akaichukua ile programu tunayoandikia barua, akaiongezea kipande alichokitengeneza mwenyewe. Sasa nikiwa humo humo ninamoandika, nabonyeza kitufe kimoja na ubao wa visanduku unafunguka: kisima gani, makundi gani, kuanzia lini. Nachagua kwa vitufe vya mishale, nabonyeza, na amri inakwenda yenyewe huko nyuma bila mimi kuiona. "Hata mamako angeweza," Otieno akasema. Usikasirike, alisema kwa wema. Siku ile nilirudi nyumbani nikipiga mbinja.

Sasa nikueleze habari ya Kipsing, iliyo magharibi, mwendo mrefu wa gari. Huko Wasamburu na Waborana wananywesha kisima kimoja. Kiangazi kilichopita makundi yalikutana njiani, moja likitoka na jingine likiingia, na vijana wakaumizana vibaya. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakakubaliana kwamba kati ya siku za hawa na siku za wale iwekwe siku tupu. Injini inazimwa, hakuna anayekaribia. Walionywesha wanapata nafasi ya kuondoka na wanyama wao, ndipo wengine wasogee. Kila karani anayefika ofisi hii huambiwa jambo hilo, na mimi niliambiwa.

Nikapanga zamu za Kipsing kwa visanduku vya Otieno. Karatasi ikatoka safi, imejaa kutoka juu hadi chini. Mkubwa wetu, Bwana Kirimi, akaisifu, akaigonga muhuri, na dereva wetu Abdi akaipeleka pamoja na dizeli ya injini.

Jumanne nilikuwa nikichungulia ule ubao wa visanduku, nikaona chini kabisa neno ambalo sikuwahi kulifungua: Onyesha amri. Nikalifungua. Mstari mzima ukajitokeza, ule ule wa Bi Halima, ila mkiani haukuwa na alama yake ya mwisho. Alama ile ndiyo inayoiambia mashine isijaze siku zilizo wazi. Otieno hakuiwekea kisanduku kwa sababu hakuna aliyemwambia habari za siku tupu. Na mashine, ikiona siku haina mtu, inavuta walio nyuma na kuwasogeza mbele. Nikaitafuta nakala ya karatasi ya Kipsing. Wasamburu wanamaliza Alhamisi. Waborana wanaanza Ijumaa alfajiri.

Mama, niliona baridi na jua liko utosini. Watu wanaotoka mbali na ng'ombe kwa zamu ya alfajiri hufika jioni ya jana yake. Maana yake wangekutana Alhamisi hiyo hiyo, kwenye njia ile ile, wakiwa na kiu, na kila upande ukiamini mwenzake amevunja ahadi.

Nikaenda kwa Bwana Kirimi. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe, na chai ikapoa mkononi.

"Kwani hukuisoma kabla ya kuileta?"

"Niliisoma, mzee. Niliona imejaa vizuri."

"Hata mimi niliona imejaa vizuri," akasema polepole, na hapo nikajua naye anaogopa.

Tukaita Kipsing kwa redio, hawakujibu. Betri yao, nadhani. Gari letu ni moja, na Abdi alikuwa amelipeleka Merti, hakurudi mpaka Jumatano jioni. Alhamisi kulipopambazuka tuliondoka, mimi na yeye.

Abdi ni mtu mzima, baba wa watoto wengi, babu yake aliletwa hapa na jeshi la Waingereza akabaki. Huwa hanyamazi akiendesha. "Karani, kama utatapika, tapika upande wako. Hii Landrova ni ya serikali." Nikamwambia aongeze mwendo. "Nikiongeza tutafika vipande vipande, halafu nani atawaambia? Wewe omba Mungu wako, mimi niombe wangu, tuone nani atatangulia kujibu." Nilifikiri habari za wale vijana wa mwaka jana. Niliwafikiria na mama zao.

Tulifika alasiri. Injini ilikuwa inanguruma, na ng'ombe wa Wasamburu walikuwa bado kwenye mabirika. Upande wa pili, ng'ambo ya laga, lile korongo la mchanga, vumbi refu lilikuwa linashuka kutoka kilimani. Abdi akasimamisha gari. "Wewe nenda kwa wale wanaokuja. Mimi naenda kwa hawa, wananijua."

Sikuwahi kutembea njia ndefu kama ile, na wala haikuwa ndefu. Mbele ya ng'ombe alikuwa mzee mmoja mwembamba, na vijana nyuma yake wenye mikuki, wawili wana bunduki. Jina lake Mzee Galgalo. Alinisalimia kwanza, vizuri, kama mtu aliye na siku nzima. Nilimwambia karatasi ina kosa, kwamba siku tupu ilirukwa, kwamba wenzao bado wako kisimani.

"Karatasi yenu iko na muhuri," akasema. "Inasema kesho ni yetu."

"Muhuri ni wetu na kosa ni letu, mzee. Jirani zenu hawajavunja neno. Naomba mrudi nyuma ya kilima, mngoje kesho yote ipite."

"Kijana, mimi nasikia wewe. Lakini hii ng'ombe haijui kusoma. Imesikia harufu ya maji."

Kijana mmoja aliye nyuma akasema, "Wale wa kisimani wanataka maji iishe, ndio wametuma huyu." Mzee hakugeuka. Aliniuliza tu, "Nani alipanga?"

Mama, ningeweza kusema ni mashine. Ulimi ulishaanza. Nikaona mzee yule atauliza mashine ni ya nani, na vijana watacheka, na wataendelea mbele. Nikasema, "Ni mimi."

Alinitazama viatu, halafu uso. "Basi kama wewe ndiye umeiondoa siku yetu, wewe utairudisha. Utakaa hapa kwa njia, katikati. Sisi tutaona wewe kutoka kilima, na wao wataona wewe kutoka kisima. Ukiondoka, tunaingia."

Nikakubali, kwa sababu sikuwa na lingine. Abdi akarudi na neno la wazee wa Wasamburu: wangenywesha waliobaki na kuondoka kwa njia ya juu, mradi waone hakuna anayeshuka. Abdi alinicheka waziwazi. "Haya, Bwana Siku Tupu. Kaa chini." Akaniachia maji na blanketi, akaenda kusimamia kuzimwa kwa injini.

Nilikaa. Nikalala pale pale, kama huko ni kulala, na kesho yake nikakaa tena. Injini iliponyamaza ndipo niliposikia ng'ombe wa kilimani wakilia kiu, wote kwa pamoja, na hawakuacha. Kila kijana aliyesimama juu ya jiwe kunitazama, niliona kama anashuka. Haja ndogo nilijisaidia pale pale, Mama, naona aibu kukuandikia, kwa kuogopa wakinikosa kwa macho dakika moja watasema nimeondoka. Wasamburu wa mwisho walipita juu mchana wa Ijumaa, na mmoja wao akaniinulia fimbo. Sikujua kama ni salamu.

Jumamosi alfajiri injini ikawashwa, Waborana wakashuka, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Ndama watatu walikuwa wamekufa kilimani. Mzee Galgalo alinionyesha walipolala, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Zamu inayokuja nani atapanga?"

"Ni mimi."

"Basi usitume karatasi. Uje nayo wewe mwenyewe, ukae pale pale, mpaka tuone iko sawa."

Nilimpa mkono. Bwana Kirimi amemwandikia Otieno aongeze kisanduku kinachokosekana, na mpaka aje, nitaandika amri kwa mkono, herufi moja baada ya nyingine, kisha nitaisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Bado naogopa. Naogopa na vile visima vingine ambavyo sijaviona kwa macho, ambavyo kwangu ni majina tu ndani ya kisanduku.

Siku tupu inayofuata nimeihesabu, nayo inaangukia Ijumaa Kuu. Ndiyo sababu sitakuja Pasaka. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa, na kesho naenda kuirudisha. Najua utaniandalia sahani, na najua Baba atauliza. Mwambie nimebakizwa na kazi, na ukiona goti lake halimsumbui siku hiyo, msomee yote.

Nisalimie Baba sana. Msalimie dada Wakesho na mumewe mwalimu, Bibi aliye chumba cha nyuma, umwambie kwa sauti maana hasikii, na Mjomba Mwadime wa duka. Mama, mniombee, na mkifika kwenye maombi ya Ijumaa Kuu, mtaje na Kipsing.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Mwakio