Babu, Mnara wa Maji Umebaki

Basi ndiyo hivyo, Babu, umeachika. Ulinichumbia tangu nina miaka minne, ukaniita Mke Mdogo, ukamtishia Bibi mbele ya wageni kwamba siku akiunguza maharage unahamia kwangu. Sasa nimeolewa na mwanaume mwenye meno yote, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nikifua nacheka. Nikimenya vitunguu nacheka. Anaitwa Zuberi, mpimaji wa barabara, ana kidoti chini ya jicho la kushoto, na chai huipuliza hata ikiwa imepoa. Tumepanga Mikumi, chumba na sebule, nyuma ya soko. Jana nyani aliingia dirishani akabeba mkate wetu wote, Zuberi akamkimbiza na pasi mkononi. Nilimpenda upya pale pale.

Najua unauliza katoka kwa nani huyo. Nitakujibu, lakini lazima nianzie kwenye barabara.

Hatukuwa tumekaa sana tangu tukuzike huko Vidunda kwa wajomba zako, wakaja Magomeni yetu hii ya relini, siyo ile ya Dar, watu wa kupima barabara ya lami. Barabara tuliifurahia, nisikudanganye. Unakumbuka safari zetu za Mikumi wakati wa masika, tope hadi magotini, wewe umebeba viatu vyangu. Lakini asubuhi moja Bibi alitoka kufagia akakuta mnara wa maji umechorwa X nyekundu, upande ule ule wenye alama.

Mnara wako, Babu. Ule wa mawe, ulionywesha treni za mvuke, ambao babu yako alitoka Unyamwezi kwa miguu akaja kuujenga. Mafundi wale hawakujua kuandika, kwa hiyo kila mmoja alipomaliza sehemu yake alichora alama yake kwenye chokaa ikiwa bado mbichi. Ya babu yako ni jembe. Ulikuwa unaninyanyua niweke kidole ndani yake, unasema, "Msalimie," nami nauamkia ukuta shikamoo. Watoto wote wa familia za reli wameuamkia ukuta ule. Wazee wale hatuna picha zao, na makaburi yao hatuyajui. Tuna ukuta tu.

Tulikwenda ofisini kwa watu wa barabara. Barua niliandika mimi, kwa mwandiko wangu wa kidato cha nne. Tukajibiwa kwamba mnara haumo kwenye orodha yoyote ya majengo ya kale, na kama tuna la kusema tumwambie mhandisi siku atakapokuja kusimika vigingi.

Siku ilipofika, jirani yetu Mzee Shomari alivaa koti na kushika hotuba ya kurasa mbili. Bibi hakuwa na hotuba. Alikuwa amemsikia mhandisi akiongea na simu kwa lafudhi ya Dar, akatunong'oneza, "Mzaramo huyu. Niachieni mimi."

Wewe unajua Mnyamwezi akimwona Mzaramo. Ni mtani wake tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi, hata akikuzuilia maiti mlangoni. Vibarua walikuwa wamechimba shimo la kigingi cha kwanza mguuni pa mnara. Bibi akaenda akaketi, miguu ndani ya shimo. Mhandisi alipoinama kumsikiliza, Bibi akamvua ile kofia ngumu, akaivaa yeye juu ya mtandio.

"Mmekuja kuzika," akamwambia, "na watani tumeshaingia kaburini. Hatutoki mpaka mtupe chetu. Na kaburi lenyewe mmelichimba kama mnapanda mchicha. Nyie Wazaramo, mkono uliozoea ngoma utaiweza sururu?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mhandisi hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema polepole, "Mama, shikamoo. Mimi ni Mhaya. Temeke nimekulia tu."

Babu, ungekuwepo ungekufa mara ya pili. Vigelegele vilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Bibi amemvua kofia mtu asiye mtani wake, tena mbele ya wafanyakazi wake. Nilimwona anaivua, anatafuta maneno ya kuomba radhi, nikajua mnara umekwisha na waliouangusha ni sisi.

Ndipo mpimaji mmoja aliyeshika kopo la rangi nyekundu alipoliweka chini, akaja kuchuchumaa mbele ya Bibi.

"Bosi, samahani, kesi hii ni yangu," akasema. "Mzaramo hapa ni mimi, wazee wangu wa Kisarawe. Hawa Wanyamwezi nawajua. Babu zetu waliwapokea pwani na mizigo kichwani, wanauliza bahari inafungwa saa ngapi."

Bibi akamtazama kuanzia viatuni. "Kumbe ni wewe. Harufu niliipata, nikakosea mtu tu."

"Haya, mnadai nini, mtani?"

"Mwenye kofia auamkie ukuta. Basi."

Mhandisi alianza kucheka kwa pua, halafu akashindwa kujizuia. Akauamkia ukuta. Akauliza mbona tunauamkia, nami nikamwonyesha alama moja moja: jembe, samaki, nyota, mkono wenye vidole vinne. Mzee Shomari alisahau hotuba yake akawa anataja majina ya wenye alama, na mimi naandika. Mhandisi aliweka kidole ndani ya jembe la babu yako akakiacha humo muda mrefu. Mchana ulitukuta bado tuko pale. Baadaye alituletea mtu wa mambo ya kale, akapiga picha kila jiwe, na mnara ukaingia kwenye orodha.

Yule wa kopo ndiye Zuberi. Ndiyo, Babu, aliyechora X ndiye mkwe wako. Alirudi kesho yake na brashi na mafuta ya taa akaifuta mwenyewe, nami nikampelekea chai. Aliipuliza chai ile mpaka jua likawa utosini, na X ilikuwa imeshatoka zamani. Tulifunga ndoa Magomeni. Watani wake, Wanyamwezi wenzake Bibi, walilala mlangoni, wakasema Mzaramo hachukui mtu bure, wakamtoza kuimba. Babu, hajui kuimba hata kidogo. Nilimwonea fahari mpaka machozi.

Sasa kuna jambo nimelizunguka tangu mstari wa kwanza. Barabara haiwezi kupita hewani. Ikiukwepa mnara inakuja upande wetu, na upande wetu kitu cha kwanza ni baraza lako.

Mhandisi alikuja mwenyewe kumweleza Bibi. Alimwambia asipotaka asisaini, mstari utarudi ulipokuwa. Bibi akaomba siku moja. Alikaa barazani kutwa nzima, upande wako, siyo wake, anapapasa yale mashimo ya bao uliyoyachimba kwenye saruji ukagombana naye wiki nzima. Jioni akaniita. "Baraza nimelikalia mwenyewe," akasema, "naweza kumsimulia mtu lilivyokuwa. Ule ukuta ukianguka, nani atanisimulia mimi?" Akasaini.

Lilivunjwa Jumanne. Zuberi aliomba asipangwe kazi siku ile, akasimama nami. Nililia, Babu. Pale ndipo uliponifundisha kusoma saa, ndipo uliponikata kucha, ndipo... basi. Nyumba imebaki, chumba chako kimebaki. Bibi siku hizi anakaa uani karibu na jiko, anasema upepo wa huku ni mzuri zaidi. Anadanganya, lakini anadanganya huku akicheka, na jirani zetu wamemhamia huko huko na vigoda vyao.

Sikutaka uzisikie habari hizi kwa marehemu mwingine wa Magomeni. Pumzika, Babu yangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda mlima wa Vidunda hadi kaburini kwako, mimi, Zuberi na Bibi, tukimpumzisha kwenye kila kona. Sisi wawili tutasimama pembeni kwanza. Bibi ameomba tumwachie dakika zake peke yake, maana anataka kukwambia kwa mdomo wake kwamba aliyesaini ni yeye.

Nyamizi