Printa Iliyofichwa Chini ya Kitenge

Bi Marziya,

Nisaidie, mimi nimekwama. Sikusoma sana, kwa hiyo nasema moja kwa moja. Nimepita sitini, mke wangu alifariki, naishi Rexdale, huku ughaibuni, nabeba vitu chuo kikuu. Meza, viti, makabati, ukisema beba nabeba.

Sasa chuo kinabana matumizi ya kompyuta na vitu vyake. Wanasema kila ofisi ina printa yake na kila printa ina wino wake na fundi kila siku yuko njiani, basi, sasa kila ghorofa mashine moja kubwa koridoni, unagusisha kadi ya kazi ndiyo karatasi inatoka, na hizi ndogo zote mimi Santan nizikusanye. Nakusanya. Maprofesa wananitazama kama nimekuja kuchukua maiti. Mmoja aliikumbatia yake. Mtu mzima, ana ndevu.

Ghorofa ya tatu kuna karani, Piedade. Mgoa kama mimi, yeye wa Kisumu, mimi wa Tanga. Ni mjane. Nilipofika akasema, "Kaka Santan, yangu walishachukua. Kaa kwanza unywe chai." Nikakaa. Sambusa zipo. Kuna meza ndogo imefunikwa kitenge, juu yake chupa ya chai. Tunakunywa, mara chini ya kitenge kitu kikaanza kunguruma.

"Dada, nini hiyo?"

"Tumbo langu. Sijala tangu asubuhi."

"Dada, tumbo lako limetoa karatasi."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi pia. Tangu mke wangu afariki sijacheka hivyo. Akasema magoti yanamuuma, mashine kubwa iko mwisho wa korido, akifika anapanga foleni nyuma ya maprofesa wasiojua kugusisha kadi. "Niachie hii moja tu, kaka. Nani atajua?"

Nikaiacha. Sasa kila mchana naenda kula. Nikitumwa ghorofa ya sita nashukia ya tatu. Bosi wangu Aleem, kijana wa Markham, anauliza, "Mzee, ya tatu umemaliza?" Nasema bado kidogo. Sasa kasema Ijumaa anapita mwenyewe, akikuta hata moja, mimi nje.

Kazi naihitaji. Na huyu mama nataka kumuoa. Lakini sijui sambusa ni zangu au ni za printa. Nikiitoa atanichukia. Nisipoitoa nafukuzwa. Nifanyeje?

Santan, Rexdale


Ndugu Santan,

Pole kwa kufiwa. Pole ya pili sina, hiyo ya pili umejitakia. Mtu mzima unaatamia printa kama kuku!

Chuo hakijakosea. Wino wa vile vidude vidogo unakula pesa ambazo zingesomesha watoto wetu. Magoti ya Piedade nayo ni ya kweli, lakini tangu lini goti likatibiwa kwa kitenge? Na wewe, kazi yako ni kubeba meza. Haikukujia kuibeba meza yake uisogeze karibu na mashine?

Kabla ya Ijumaa muende wote wawili kwa Aleem. Piedade aseme habari ya magoti, aombe kukaa karibu na mashine. Aleem akisitasita, Piedade alete cheti cha daktari. Printa uichukue mchana, mbele ya Piedade, na umwambie kwa mdomo wako: "Naitoa kwa sababu nitafukuzwa." Usimtupie bosi lawama, wala usiombe radhi mara kumi. Atanuna. Mwache anune.

Sasa ya moyo. Umekula sambusa za watu siku zote hizo, hata kikombe sidhani umeosha, halafu unaniuliza mimi kama unapendwa! Mimi nitajuaje, nami sijaonjeshwa hata moja? Jumapili baada ya misa mwalike kwako. Upike wewe, usinunue. Wali ukiungua, na uungue. Mwelekeze basi la Kipling, na umngoje kituoni, asipande mlima wa mtaani kwenu peke yake na magoti hayo.

Kwako hakuna printa, Santan. Akija, amekufuata wewe.

Bi Marziya