Kiberiti cha Majilio

Mjukuu wangu Paskali,

Shikamoo yako nimeipokea. Hapa kijijini Daudi hatujambo, na maharage yameota vizuri.

Unaniuliza msome sala gani nyumbani kwako mkiwasha mshumaa wa Majilio, Jumapili hizi nne za kungojea Noeli. Swali hilo limenikasirisha, kwa sababu dada yako anasema hupokei simu zake tangu Pasaka.

Nilipokuwa msichana, baba alimkataza shangazi, dada yake, kuchota maji kwenye kisima chetu. Jumapili ya kwanza ya Majilio, wakati wa sala ya jioni, akataka tuwashe mshumaa. Mama akafunga kiberiti kwenye pindo la kanga yake. "Hatuwashi mpaka dada yako achote maji," akasema. Jumapili tatu tulisali gizani, baba amenuna. Ya nne baba aliridhia, shangazi akaja na ndoo yake, na mama akampa yeye kiberiti.

Mpigie dada yako. Kabla ya hapo usiwashe kitu.

Bibi yako