Mchumba wa Hodan na Kiingereza Chake

Baba Hodan,

Nimetoka kukuombea dua, sasa nikupe habari za nyumbani. Binti yako amepata mchumba. Anaitwa Abdi, karani katika ofisi moja hapa Garissa. Kwao ni Ijara, wana ng'ombe wengi na adabu ya kutosha. Tatizo ni Kiingereza chake.

Alimwandikia Hodan kwenye simu: "Let's get married, will you?" Mtoto akanionyesha huku analia kwa furaha. Mimi nikaona kosa tu. Miaka yote uliyosahihisha madaftari ya wanafunzi sebuleni, nilikusikia ukinung'unika: amri hufuatwa na "will you", lakini "let's" ni ya wawili, hufuatwa na "shall we". Sasa huyu anaanza na tuoane, halafu kazi yote anamwachia msichana?

Nikamwambia Hodan asikubali mpaka kijana arekebishe.

"Hooyo, mama yangu," akasema, "unanifukuzia mume kwa sababu ya sarufi?"

Akamwandikia hivyo hivyo nilivyosema. Abdi akanyamaza. Hodan naye akaacha kula nami. Nikaanza kuogopa, Baba Hodan. Nilijiona nimemwozesha mwanangu kwa upweke, kisa maneno mawili ya Kizungu. Ungekuwapo ungecheka, au ungenigombeza. Sijui.

Ijumaa baada ya swala Abdi akaja na ami zake. Akaketi mkekani, jasho linamtiririka, akasema mbele ya wazee wasiojua Kiingereza: "Let's get married, shall we?"

"Huyu ana homa?" ami yake akaniuliza.

Nyuma ya pazia Hodan alicheka mpaka akaangusha birika. Tukakubali.

Wageni walipoondoka, Hodan akaniuliza wewe ulinichumbia vipi. Nikamwambia: nilikuwa nikiuza maziwa Modogashe, ukaja ukasimama, ukasema, "Marry me, will you?" Sikuelewa hata neno. Nikadhani unataka maziwa, nikakujazia kikombe. Ukanywa. Kesho yake ukarudi na maneno yale yale, nikajaza tena. Ulikunywa maziwa mpaka ukanenepa, mwalimu wa watu, ndipo ukapata ujasiri wa kusema kwa Kisomali.

Tulicheka sana.

Arusi ni baada ya mvua. Nakuahidi nitakaa pale ambapo ungekaa wewe, na siku hiyo sitamsahihisha mtu. Buriani, mume wangu. Mungu akupanulie kaburi lako.

Mama Hodan