Goti Kwenye Kituo cha Treni

Dada Minza mpendwa,

Sijawahi kumwambia mtu: ule uuguzi anaoutaka Baba siutaki. Nataka kuendesha treni.

Leo asubuhi Shangazi kanipeleka Tabata kuiona hii treni mpya ya mjini hapa Dar. Kituo bado kinanuka saruji. Treni ikaingia, na dirishani, dada, dereva ni mama mtu mzima! Sijajijua, nimeshapiga goti kumwamkia kama tunavyofanya huko Bariadi. Watu wakacheka: "Huyu anaiabudu treni!"

Yule mama akatoa kichwa, akaniitikia kwa Kisukuma: "Mwangaluka! Wa Maswa au wa Bariadi wewe?"

"Bariadi." Aibu ikaniisha ghafla. "Mama, hata mimi nitaweza?"

"Fizikia unafaulu?"

"Nafaulu."

"Basi inuka. Treni haiendeshwi kwa magoti." Akapiga honi, ikanitetemesha mpaka kifuani!

Nasikia ndara za Shangazi zinakuja mlangoni. Kadi hii ninayokuandikia nilikuwa nimeifunika kwa mkono asiione, sasa nimeutoa. Aisome tu. Na wewe ukimaliza, msomee Baba kwa sauti.

Nitunzieni michembe, vile viazi vyetu vikavu. Nawapenda mno.

Mdogo wako,
Kabula