Jikoni ya Mama kule Leeds

Leeds, 4 février 2023

Mama mupendwa,

Jambo sana. Magoti yako inasema nini mu hii mvua? Miye niko muzima, baridi tu njo inanichosha.

Nilianza kwa kubeba kamba za taa ku filme za bantu bengine, kiisha nikafanya filme fupi, kiisha ile ya televizyo. Sasa benye feza ya filme banakubali nifanye yangu mwenyewe, ndefu. Gazeti moja iliandika "mutengenezaji wa filme wa Kiingereza". Nilisoma mara mbili, nikajiuliza huyo ni nani.

Filme iko juu ya mama mumoja wa kwetu Katuba. Tutajenga jikoni yako hapa, ndani ya hangari. Uniambie: ukuta iko rangi gani? Mbabula ya makala unaweka wapi? Dirisha inaangalia wapi?

Mutoto wako,
Mapalo

Katuba, 26 février 2023

Mapalo mwanangu,

Jambo na weye. Magoti inauma, lakini ku misa ninafika. Nilisomea jirani Léa barua yako, akacheka mpaka machozi.

Ukuta ni kijani chini, nyeupe juu, lakini moshi ilifanya yote kahawia. Mbabula iko karibu na mulango. Dirisha inaangalia muti ya avoka ya Léa. Pa kizingiti simenti ilipasuka, pale ulikuwa unakaa ukitwanga majani ya sombe.

Lakini kama unataka kujua jikoni yangu, mwanangu, njoo uone. Ulienda ukiwa musichana, sijui hata kama sura yako bado ni ya baba yako, Mungu amuweke.

Mama yako,
Germaine

Leeds, 9 juin 2023

Mama,

Natumaini baridi ya juin haikutesi. Jikoni imekwisha. Bantu balipoenda kula, nilibaki, nikakaa pa kizingiti. Ilikuwa yenyewe, Mama, ilikosa harufu tu. Nililia mpaka muntu wa taa akaja kuuliza kama niko mugonjwa. Nilimwambia, "Hapana, niko nyumbani." Akarudi ku taa zake.

Kuja haiko rahisi. Nilipopata pasporti ya Kiingereza, ile ya kwetu ilikufa. Sasa nitaomba viza sawa mugeni. Kazi nayo haiishi. Univumilie.

Mapalo wako

Katuba, 17 novembre 2024

Mapalo,

Jambo. Niko muzima. Sikuandika kwa sababu hukuja, nikashikwa na hasira, na barua ya hasira huwa inafika mbaya.

Padri alionyesha filme yako mu sale ya parokia. Katuba yote ilikuwa pale. Pale yule mama wa filme anakufa, bantu bote balinigeukia, Léa akanishika mukono. Mwanangu, unanizika ningali ninasonga bukari na kula?

Yule mama anasema polepole sana. Miye ningekwisha kukugombeza. Jikoni ni yenyewe, sina neno. Niliwaza tu: huyu mutoto anaweza kujenga jikoni yangu yote kule Ulaya, lakini kuja kukaa ndani yake anashindwa.

Mama yako, ule wa kweli

Leeds, 2 décembre 2024

Mama wangu,

Nakusalimia nikiwa na haya. Nilimuua yule mama wa filme kwa sababu ya woga. Kila telefone ya kwetu ikilia, roho inanikatika. Niliwaza nikitengeneza kilio mbele, siku yake haitaniumiza sana. Ni uongo. Iliniumiza palepale, tena mbele ya bantu.

Banataka nianze filme ingine mu février, kubwa kuliko hii. Nimebaambia batafute mwingine. Viza nimeomba. Nakuja bila kamera.

Mapalo

Katuba, 23 mars 2025

Mapalo mwanangu,

Natumaini ulirudi Leeds muzuri na baridi haikukupokea vibaya. Miye niko muzima.

Ile siku ya kwanza uliingia jikoni, ukasimama, ukanusa. Kiisha ukalala pa mukeka kabla bukari haijaiva, na mudomo wazi. Nilikaa nikikuangalia. Sura ni ya baba yako. Hata nilivyokugombeza juu ya chumvi ulicheka, ukasema ile sauti njo ulikosa mu filme yako.

Léa anauliza utatutengenezea filme gani sasa. Nilimujibu aulize mwenyewe siku ukirudi.

Ku Luano, pale ulipanda ndege, sikulia, bantu balikuwa bengi. Nyumba imenyamaza. Léa aliona drap uliyolalia ingali ku kitanda, akasema, "Mama Germaine, lete tufule, jua iko muzuri leo."

Nilimwambia bado.

Mama yako,
Germaine